Zamu ya Kutikisa Kipanya

Nchi yetu ni nzuri. Naanza na hilo kwa sababu kila habari kwetu huanza na hilo, na asiyeanza nalo hutafutwa akaulizwa alikuwa na haraka ya nini. Ni nzuri, ina milima, ina amani, na ina Mlezi wa Taifa, anayetupenda kuliko tunavyojipenda wenyewe. Jina la nchi silitaji. Mnaoijua mnaijua, na msioijua mna bahati yenu, msiniulize.

Mimi ni msusi, naitwa Bi Mize. Siasa sizijui, najua vichwa. Vinapita mapajani mwangu kutwa nzima, na ndani yake vina mengi, lakini mimi nashughulika na ya nje tu. Kwa hiyo nikisema jambo hapa, nalisema kama lilivyokuwa, bila ubaya na bila kumlenga mtu.

Basi, kompyuta zilipoingia maofisini, serikali iligundua tatizo. Kompyuta ukiiacha kidogo bila kuigusa, kazi iliyokuwa kwenye kioo hupotea machoni, na badala yake huja samaki wa rangi wanaoogelea. Waziri wa Vioo na Adabu, Mheshimiwa Dakta Sifuni Kilemba, alisimama bungeni akauliza kwa uchungu, "Samaki hawa wamechaguliwa na nani?" Kweli, hakuna aliyewachagua wale samaki.

Ikatungwa sheria. Kompyuta yoyote isipoguswa kwa muda wa mtu kunywa nusu kikombe cha chai, ije picha ya Mlezi, anatabasamu, amepakata mtoto mnene. Picha yenyewe haitulii. Inatembea polepole, ikigonga ukingo huu inarudi, ikigonga ule inarudi, na mwendo huo ukaitwa Ziara. Ziara ikianza, kila aliye chumbani husimama, mkono kifuani, uso kwenye kioo. Hakuna kugusa kompyuta, hakuna kugeuka, mpaka Mlezi awe amefika pembe zote nne. Akishafika mnasema kwa pamoja, "Karibu tena, Baba," ndipo mnaendelea na shughuli zenu.

Shida ndogo, nasema ndogo, ni kwamba ile picha ilikuwa na tabia ya kuikaribia pembe, ikaikaribia kabisa, watu wakavuta pumzi tayari kusema karibu tena, halafu ikageuza. Sisi wa mtaani kwetu hatukushangaa, maana barabara yetu nayo imeahidiwa hivyo hivyo. Posta niliwahi kumwona mzee amesimama na stempu ulimini mpaka ikamkaukia. Lakini alisimama. Watu wetu wana adabu, hilo hatunyimwi.

Programu mbili tu zilisamehewa. Ya kwanza ni hotuba za Mlezi, kwa sababu picha ikija juu ya hotuba watakuwa Walezi wawili kwenye kioo kimoja, na katiba inasema Mlezi ni mmoja. Ya pili ni mchezo wa karata, kwa sababu Mheshimiwa Waziri hufikiri sana kabla ya kutupa karata, na fikra za Waziri ni mali ya umma.

Kisha Siwema akajifungua.

Siwema ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mumewe yuko mbali, anachimba msingi wa sanamu. Mimba zake zilikuwa zinaharibika, moja baada ya nyingine, mpaka mama mkwe wake akaacha kuja kumtazama. Hii ilikaa. Ikakaa, ikakaa, halafu mtoto akatoka kabla ya wakati wake, njiti, mwili mzima mdogo kuliko kiatu cha baba yake. Nilipofika hospitali Siwema akanishika kanga akasema, "Bi Mize, nimempa jina lako. Wewe huna haraka ya kwenda popote. Labda atakuiga."

Nikalia pale pale mlangoni. Sina mtoto mimi. Tangu siku ile nikawa na somo yangu, mwenye jina langu, ndani ya kisanduku cha kioo, amefungwa vinyuzi kama kikapu kisichomalizika kusukwa.

Sasa, watoto wa namna ile wana jambo lao, na Sista Perpetua, muuguzi wa wodi, ndiye aliyetueleza. Wanasahau kupumua. Si ugonjwa, ni uchanga tu. Mtoto anapumua vizuri, halafu anasahau. Unamkuna unyayo, anakumbuka, anaendelea. "Ni hilo tu, mama," Sista alimwambia Siwema. "Akikumbushwa mpaka akomae, mtoto unaye."

Lakini utajuaje kwamba amesahau? Kifua chenyewe kilikuwa kidogo, ukikitazama hujui kinapanda au ni macho yako yamechoka. Hapo ndipo ilipokuwa kazi ya kompyuta. Pale mezani kwa Sista kulikuwa na kioo kimoja, na kila mtoto wa wodi alikuwa na mstari wake juu yake. Mtoto akivuta pumzi mstari unapanda, akitoa unashuka. Ukilala sawa, amesahau, kimbia ukamkune. Zamani ilikuwa na king'ora cha kuita, lakini king'ora kiling'olewa, kwa sababu ving'ora katika nchi yetu ni vya msafara wa Mlezi peke yake.

Sasa nadhani mmeshaiona shida. Sista mmoja, watoto wodi nzima. Akienda kumbadilisha huyu na kumnywesha yule, kompyuta haiguswi, Mlezi anakuja Ziara, mistari yote inafunikwa.

Kwa hiyo akina mama walipanga zamu. Mmoja anakaa mezani, mkono juu ya kipanya cha kompyuta, anakitikisa. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Hakuna kingine. Ukichoka, mwenzako anakuja nyuma yako anakugusa bega, anasema, "Lala kidogo. Hii ni zamu yangu." Sijapata kusikia maneno matamu kuliko hayo katika wodi yoyote. Na mimi nilipokuwa nikipeleka uji nilikaa zamu. Vidole vyangu vimezoea kazi isiyokwisha.

Afisa Adabu wa wodi, maana kila chumba cha umma kina Afisa Adabu, alikuwa Bwana Ngwali, mtu mpole mwenye watoto wake. Alitazama pembeni. Alisema sheria inakataza kugusa kompyuta wakati wa Ziara, haikatazi kuigusa kabla.

Siku moja mchana Siwema alikuwa zamuni, na usingizi wa mzazi mnaujua. Hakulala, alipepesa tu, na mkono ukasimama. Mlezi akaja, anatabasamu, amepakata mtoto wake mnene.

Tukasimama wote, mikono kifuani. Picha ikaenda juu kulia, ikagonga. Ikashuka. Pembe ya pili. Ya tatu. Ya nne ikaikaribia, ee Mungu wangu, ikageuza. Ikaanza kuzunguka upya kana kwamba wodi nzima ni mali yake ya kutalii. Bwana Ngwali jasho linamtoka, anaiambia ile picha kwa sauti ya chini, "Fika basi, Baba, fika." Ilipofika, hatukumaliza kusema karibu tena. Sista aliruka. Mstari wa somo yangu ulikuwa umelala, na mwenyewe amekuwa rangi ya bilinganya. Sista akamkuna unyayo, akamkuna, akamkuna, mpaka kile kifua kikashtuka na mstari ukapanda.

Siwema hakulia. Alifunga kanga yake vizuri akaniambia, "Bi Mize, nisindikize wizarani."

Kwetu shida haisemwi ikiwa uchi. Huvishwa shukrani kwanza. Ukiwa huna maji unashukuru kwa bomba, ndipo unataja maji. Kwa hiyo Siwema aliposimamishwa mbele ya Mheshimiwa Dakta Sifuni Kilemba, aliyekuwa na karata zake kwenye kioo, alianza vizuri.

"Shikamoo Mheshimiwa. Namshukuru Mlezi kwa hospitali. Namshukuru kwa kisanduku cha mwanangu, na kwa umeme wake, ukiwepo..."

"Hilo 'ukiwepo' liondoe," alisema Waziri bila kuinua macho.

"Kwa umeme wake. Naomba kitu kimoja tu, Mheshimiwa. Picha isije wakati programu ya watoto iko wazi. Ije kwingine kote. Hapo tu isije."

Waziri akaziacha karata. "Mama, unasema Mlezi asiwatembelee watoto?"

"La hasha. Awatembelee. Ila asisimame mbele ya pumzi zao."

Wasaidizi wakaguna. Waziri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama afanyavyo mtu anayetaka aonekane amevumilia.

"Programu hiyo nimeletewa nikaiona. Ina mistari. Inapanda, vizuri sana. Halafu inashuka! Tangu Mlezi ashike hatamu, mama, ni mstari gani katika nchi hii umewahi kushuka?"

"Usiposhuka, Mheshimiwa, ina maana mtoto hatoi pumzi."

"Basi avute tu," alisema Waziri.

Wasaidizi wakacheka, mmoja akaandika. Waziri akaona ameanza vizuri, akasimama kabisa. Akasema taifa lolote linalopumua ovyo ovyo haliwezi kwenda mbele. Akasema itaundwa kamati kuchunguza kama watoto hawa wanasahau kupumua kwa bahati mbaya au wanafundishwa. Siwema akapiga magoti. Sikumwambia apige. Alipiga mwenyewe, pale kwenye zulia, akasema, "Nina huyu mmoja, baba. Sina mwingine." Nilimwinua mimi. Waziri alikuwa amesharudi kwenye karata, na nakiri zilikuwa nzuri.

Tulikuwa tumefika ngazini tuliposikia viatu vinatukimbilia. Ni katibu muhtasi wake, mama mmoja mnene anaitwa Bi Taabu. Akatuvuta pembeni ya tangi la maji.

"Nyie kwani hotuba hamna huko?" akanong'ona. "Fungueni hotuba ya Mlezi, yoyote, ila ndefu. Hotuba ikicheza picha haiji. Ifanyeni ndogo, ndogo kabisa, isukumeni kwenye pembe, sauti muiue. Mimi mwaka mzima natazama mishono ya vitenge namna hiyo."

Siwema akamkumbatia mpaka miwani ikamdondoka.

Hotuba ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya Mlezi juu ya Afya ya Mtoto. Sista akaifungua, akaifanya ndogo kama kifungo cha shati, akaisukuma pembeni chini. Ikiisha inaanza upya. Nusu kikombe cha chai kikapita. Kikombe kizima. Birika zima. Mlezi hakuja, maana alikuwapo tayari, kule pembeni, anapunga mkono bila sauti, na mistari ya watoto ikapanda na kushuka kioo kizima.

Akina mama walilala. Kwa mara ya kwanza walilala wote pamoja, kwenye sakafu, midomo wazi. Siwema peke yake ndiye aliyekaa karibu na meza, mkono wake bado kwenye kipanya, anatikisa. Nikamwambia haina haja tena. Akacheka, akasema, "Mkono hausikii, Bi Mize." Somo yangu akaongezeka. Mashavu yakaanza kujaza. Siku moja alinishika kidole, na nguvu alizonishika nazo, hata vichwa vikorofi vya mjini sijapata kuvishika hivyo. Sista akasema ikiendelea hivi wiki ijayo anatoka kisandukuni, ananyonya kifuani kwa mama yake kama mtoto yeyote.

Tungenyamaza hapo. Lakini Wizara ya Vioo na Adabu ilikuwa inahesabu nani anatazama hotuba na kwa muda gani, na ikaona maajabu. Maofisini hotuba hufungwa mara tu Afisa akitoka. Jeshini hutazamwa hadi wimbo wa mwanzo. Lakini kulikuwa na wodi moja ya watoto njiti iliyokuwa inaitazama hotuba ya Afya ya Mtoto asubuhi, mchana, jioni, bila kupumzika, wiki baada ya wiki. Waziri alipoletewa habari hiyo inasemekana alilia. Akaamuru wodi ipewe tuzo ya Watazamaji Bora wa Taifa, na atakuja kuikabidhi yeye mwenyewe.

Walikuja asubuhi, na zulia jekundu, na matarumbeta yaliyoachwa nje kwa heshima ya wagonjwa, na wapiga picha walioingia wote. Wodi ilijaa hadi visanduku vikasukumwa ukutani. Siwema alikaa mezani pake. Alikuwa amevaa kanga mpya, nimemsuka mwenyewe jana yake, maana alikuwa anafikiria kesho yake atampakata mwanawe.

Waziri akaisogelea kompyuta. Akainama. Akatafuta. Akamwona Mlezi kule pembeni, mdogo kama kifungo, hana sauti.

"Nani amemfanya hivi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Mlezi wa Taifa anakaa pembeni? Anakaa bubu?"

Bwana Ngwali akatazama sakafu. Waziri, kwa mkono wake mwenyewe, akaikuza hotuba ikajaa kioo kizima, akaipandisha sauti mpaka mwisho. Mistari yote ikatoweka.

Siwema alisimama. "Mheshimiwa," alisema, "mwanangu yuko nyuma ya hapo."

"Sote tuko nyuma ya Mlezi, mama," alisema Waziri, akampiga bega kwa upendo, na wapiga picha wakaipata hiyo.

Hotuba ikichezwa mbele ya kiongozi, haikatizwi, na makofi ni pale Mlezi anaponyamaza. Mlezi alisema mtoto ndiye taifa. Tukapiga makofi. Akasema hakuna mtoto atakayepotea chini ya ulezi wake. Tukapiga makofi. Siwema akawa anakwenda pembeni, taratibu, kuelekea ukutani kwenye visanduku, na maafisa wawili waliovaa suti wakamshika mikono, bila ubaya, wakamgeuza akatazame kioo. Akasema, "Niacheni nimkune tu. Namkuna nyayo tu, narudi." Wakasema, "Shsh, mama, inakaribia kwisha." Nikamwona Bwana Ngwali anapiga makofi na machozi yanamchuruzika, hayafuti, kwa sababu mikono haina nafasi.

Sista Perpetua ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alimsukuma mpiga picha, akampita mkuu wa mkoa, akafika. Akafungua kisanduku cha somo yangu akamkuna unyayo. Akamkuna tena. Akamkuna wa pili. Mlezi alikuwa anasema juu ya chanjo. Sista akamgeuza, akamsugua mgongo, akampulizia mdomoni, akarudi kwenye unyayo. Alimkumbusha kwa kila njia anayoijua. Mtoto hakukumbuka.

Sauti aliyoitoa Siwema sitaisimulia. Ilizidi ya hotuba, na hotuba ilikuwa imepandishwa mpaka mwisho.

Waziri alinong'onezwa. Ninamwamini kwamba alihuzunika, uso ulimshuka. Kisha akainua mkono. "Ndugu wananchi," akasema, "mtoto huyu ni shujaa. Wangapi kati yetu watajaliwa kuondoka duniani huku wakihutubiwa?" Watu wakapiga makofi. Si kwa ubaya. Mikono ilikuwa imeshazoea.

Wodi ilipewa tuzo yake, kioo kipya, kikubwa, ili Mlezi asiwe mdogo tena. Na ile kamati, nasikia, bado inakaa.

Tulimzika somo yangu kesho yake, adhuhuri. Kaburi dogo, wachimbaji hawakutokwa hata jasho. Tuliporudi tukakaa mkekani kwa Siwema, wanawake wa mtaa mzima. Niliwaza tu kwamba kuna jina langu chini ya udongo na mimi nipo hapa, nakunywa chai.

Ndipo nilipouona mkono wake. Siwema amekaa ameegemea ukuta, macho makavu, na mkono wake wa kulia uko juu ya mkeka. Unakwenda mbele kidogo, nyuma kidogo. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Wanawake wengine walidhani anapangusa makombo.

Nikaushika. "Mama Mize," nikamwambia, "pumzika, mwanangu. Yamekwisha."

Akanitazama kama mtu anayeshangaa vile mtu mzima anavyoweza kuwa mjinga.

"Niache, Bi Mize. Nikiacha watamfunika."

Nikauachia. Nikasogea, nikakaa ubavuni mwake, bega kwa bega, nikautazama mkono ule ukienda na kurudi mpaka nikaona unaanza kutetemeka kwa uchovu. Hapo nikamgusa bega, nikaweka mkono wangu pale pale kwenye mkeka, nikaanza kutikisa.

"Lala kidogo," nikamwambia. "Hii ni zamu yangu."

Akalala.